Majita: Mwamba uliokwamisha meli ya vita, na hatari za kuzamia mabaki ya meli ziwani

Mwezi Novemba 1914, miezi michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, meli ya Waingereza iliyoitwa Sybil iligonga mwamba katika pwani ya Majita, kusini-magharibi ya Musoma. Mabaharia wake waliisogeza hadi kwenye maji mafupi ili isizame. Eneo hilo, ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Mara, lilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Sybil ilibaki imekwama katika himaya ya adui hadi mwaka 1915, Waingereza walipofanikiwa kuikwamua na kuirejesha Kisumu.

Tukio hilo ni miongoni mwa mambo yasiyofahamika sana katika historia ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, linaeleza jambo la msingi kuhusu meli zilizopotea vitani: hatima ya meli huamuliwa zaidi na kina cha maji ilipoangukia kuliko na risasi iliyoipiga.

Vita vya ziwani

Sybil ilitengenezwa Paisley, Uskochi, na kampuni ya Bow, McLachlan. Ilisafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilifika Desemba 1901, kisha ikaunganishwa ufukweni. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria na mizigo. Vita vilipoanza, Sybil na mwenzake Winifred zilifungwa mizinga na kugeuzwa meli za kivita.

Wajerumani nao walikuwa na Muansa, meli ndogo ya kukokota iliyowekewa silaha. Septemba 1914 ilipambana na Winifred huko Karungu, upande wa Kenya wa leo. Waingereza walipoiteka Mwanza mwezi Julai 1916, waliikuta Muansa imezamishwa na wenyewe, wakaiinua na kuitumia.

Katika Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen mwezi Julai 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Lakini Hedwig von Wissmann, iliyopigwa na kuzama Februari 9, 1916 katika ziwa hilo hilo, haikupata bahati ya kuinuliwa. Ziwa hilo lina kina cha takriban meta 1,470.

Kwa hiyo, meli iliyozama kwenye maji mafupi ilirudi kazini. Iliyoingia kilindini ilibaki huko, na njia pekee ya mtu kuifikia ni kuzamia, pale kina kinaporuhusu.

Uzito wa maji na mwinuko wa ziwa

Ziwa Victoria si lenye kina kirefu kama Tanganyika. Sehemu yake yenye kina zaidi ina takriban meta 80. Hata hivyo, kwa mzamiaji meta 80 ni nyingi mno. Wazamiaji wa kujiburudisha kwa kawaida hawavuki meta 40.

Kila meta 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika kina cha meta 60, mwili hubeba mgandamizo wa karibu mara saba ya ule wa ufukwe wa bahari. Hewa anayovuta mzamiaji nayo hugandamizwa kwa kiasi hicho, na gesi ya naitrojeni iliyomo huyeyuka kwa wingi katika damu na nyama za mwili.

Kuanzia meta 30 hivi, naitrojeni huweza kumlevya mzamiaji mfano wa pombe, akakosa uamuzi mzuri bila kujitambua. Zaidi ya hapo, oksijeni yenyewe huanza kuwa sumu na inaweza kusababisha degedege majini. Ndiyo maana wanaozamia kwenye kina kirefu hutumia mchanganyiko wenye gesi ya heliamu, ambayo hailevyi kama naitrojeni.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kupanda. Mzamiaji akipanda haraka, gesi iliyoyeyuka hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Mapovu hayo huweza kuziba mishipa, kupoozesha viungo au kuua. Kuzamia kwa dakika 20 kwenye kina kirefu kunaweza kumlazimu mtu kutumia saa nzima au zaidi akipanda kwa vituo.

Hapa Musoma ina tofauti na Dar es Salaam au Zanzibar. Ziwa Victoria liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa juu yake ni nyepesi zaidi. Majedwali ya uzamiaji yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayawezi kutumika humo bila kurekebishwa, kwa sababu uwiano kati ya mgandamizo wa chini na ule wa juu ni mkubwa zaidi. Kwa kawaida marekebisho hayo huanza kuhitajika katika mwinuko wa meta 300 tu.

Baridi, giza na nyavu

Wazamiaji wa Ulaya hukabiliana na baridi kali. Huko Scapa Flow, kaskazini mwa Uskochi, ambako Wajerumani walizamisha meli zao 52 za kivita Juni 21, 1919, wazamiaji huvaa mavazi yasiyopitisha maji kabisa. Maji ya Ziwa Victoria yana joto la nyuzi 23 hadi 26 hivi, lakini hayo pia yako chini ya joto la mwili, na maji hunyonya joto haraka sana kuliko hewa. Anayesubiri saa nzima katika vituo vya kupandia ataanza kutetemeka, na baridi hupunguza uwezo wa mwili kutoa naitrojeni.

Giza ni tatizo jingine. Mwani na matope huweza kumzuia mzamiaji kuona hata meta chache mbele. Nyavu na makokoro yaliyonasa kwenye vyuma humfunga mtu kama samaki. Karibu na ufukwe kuna mamba, viboko na kichocho.

Barabara ya kurudi nyumbani

Hatari haiishi mtu anapotoka majini. Msafiri anayetoka Musoma kwenda Arusha kupitia Bunda na lango la Ndabaka huvuka Serengeti na kupanda hadi ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyezamia siku hiyo, safari hiyo ni sawa na kupanda ndege mapema mno: mapovu yanaweza kujitokeza akiwa garini. Ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 24, na zaidi baada ya kuzamia kwenye kina kirefu.

Vyuma vyenye historia

Mabaki ya meli za vita huweza kuwa na mabomu yasiyolipuka, na mengine ni makaburi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kutumika Januari 2009, unahusu masalia yaliyokaa majini miaka 100 au zaidi, na unakataza kuyafanya bidhaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja masalia ya kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji kutangazwa na waziri. Meli ya 1914, kwa maana hiyo, haina ulinzi wa moja kwa moja.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyopo Butiama yanaonyesha kuwa kitu cha kihistoria hubaki na maana kikitunzwa mahali pake na maelezo yake. Chuma kilichong'olewa ziwani na kuuzwa kwa kilo hakina maelezo tena.

Aidha, ujuzi wa uzamiaji si wa watafuta historia pekee. Mamia ya watu walikufa MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu zaidi ya 200, wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai siku mbili baadaye, akiwa amejihifadhi mahali palipobaki na hewa. Kwa wakazi wa mwambao wa Mara, mzamiaji aliyefundishwa vizuri, mwenye vifaa na majedwali sahihi ya ziwa lao, ni hitaji la leo kuliko la mwaka 1914.