Intaneti Ilishuka Kutoka Angani, Lakini Ratiba Haikushuka

Si mnakumbuka yale maputo? Julai 2020, Loon, kampuni ndugu ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, iliwasha intaneti kutoka kwa maputo yaliyoelea kama kilomita 20 juu yetu. Nakuru na Baringo tulikuwa kwa ramani. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Watu wakasema, sasa nani atakosa kusoma?

Mimi nilikosa. Nilikuwa kidato cha pili, hapa Kaptembwa, nyumba nzima na simu moja ya mathe. Akirudi jioni napata lisaa limoja. Nafungua video ya hesabu, mwalimu anatatua swali, naona ni rahisi, naruka kwa ingine. Nilidhani nasoma. Januari 4, 2021 tukarudi darasani, nikapewa swali kama hilo kwa karatasi. Kalamu ikagoma.

Sasa hii ndio historia inanisumbua. Kusoma mbali na mwalimu hakukuanza na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilianzisha masomo kwa njia ya posta pale Kikuyu. Wanafunzi wengi walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamepata elimu ya sekondari. Mchana wanafunza, jioni wanasoma vijitabu vyao na kusikiliza vipindi vya redio. Ukimaliza somo, unaandika majibu, unatia kwa bahasha, unatuma. Msahihishaji anaweka alama, anakurudishia.

Hakuna mtu alisimama nyuma yao na kiboko. Lakini ile bahasha ilikuwa inadai. Huwezi kutuma karatasi tupu.

Sisi tulikuwa na video, makundi ya WhatsApp na maputo angani, ila hakuna kitu kilitudai jibu. Video itaisha hata kama hujaelewa kitu.

Na sitaki mtu aniambie ni uvivu tu. Watoto watatu wakigawana simu moja, nidhamu haiongezi bando. Hata maputo yenyewe hayakudumu: Januari 2021, wakati tunarudi shule, Loon ilitangaza inafunga. Kwa hivyo serikali isitupe kiungo cha video halafu iseme imetuelimisha.

Lakini lile lisaa limoja lilikuwa langu, na nililimwaga.

Siku hizi niko chuo, nusu ya masomo ni mtandaoni. Nimejitengenezea bahasha. Somo likiisha, nazima simu, naandika kwa daftari kile nakumbuka, najibu maswali mawili bila kuchungulia. Napiga picha, namtumia rafiki yangu. Yeye anasahihisha yangu, mimi yake. Kabla majibu yarudi, sifungui somo lingine. Ni polepole, na inaaibisha ukikosea. Lakini kalamu haijagoma tena.

Wewe bahasha yako unamtumia nani?