Msaragambo wa Kuta, Msaragambo wa Kusoma

Ndugu zetu wana Upare, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila mwaka tukichangisha huwa tunawaonyesha paa jipya au darasa lililopigwa lipu. Mwaka huu tunaomba mchango wa kitu kisichoonekana pichani: masomo ya ziada kwa watoto wetu walioachwa nyuma darasani. Kabla ya kuomba, tukumbushane tulikotoka.

Ndiva zilizomwagilia mashamba ya wazee wetu hazikuchimbwa na mkandarasi. Zilichimbwa kwa msaragambo, kila kaya ikitoa mtu. Shule zetu nyingi zilijengwa hivyo hivyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, tulibeba mawe na mchanga kupanda milima. Watoto walijaa, walimu wakawa haba, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Walijitahidi. Lakini darasa likifurika, mwalimu huenda na wanaoelewa. Asiyeelewa hunyamaza, kisha hupanda darasa pamoja na wenzake.

Miaka ya themanini na tisini mshahara wa mwalimu ulipoteza thamani, na tuisheni ikaenea. Mtoto ambaye kwao kulikuwa na kahawa au tangawizi ya kuuza alilipiwa. Mtoto wa mjane alirudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Tusifichane: tuliona, na hatukuitisha msaragambo.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, tulijenga tena. Shule za kata zilipokuja kuanzia 2004, tukajenga tena. Kisha Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Matokeo hayo yalipangwa upya baadaye, lakini ujumbe tuliupata. Tafiti za Uwezo, kuanzia 2010, zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto wa namna hiyo akifika kidato cha kwanza, anakuta masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo hata jengo zuri halimsaidii.

Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mzazi hadaiwi tena michango ya lazima. Hilo ni jema. Lakini masomo ya ziada yasiyo na fungu hubaki kwa mwenye uwezo, kama zamani.

Tunachokusudia ni chepesi kueleza. Kila mtoto apimwe: anasoma herufi, neno, aya au hadithi? Wapangwe kwa kiwango walichofikia, si kwa darasa wanalokaa. Vikundi viwe vidogo, na mwalimu awe yule yule, ajue nani ameanza kusogea. Kidato cha kwanza waanze na Kiingereza cha kuelewa somo. Mzazi asilipe hata senti.

Mchango wako utalipa posho ya mwalimu, vitabu, taa na sufuria ya makande, maana mtoto mwenye njaa hasomi jioni. Nanyi mnaopanda milimani kila Desemba, walimu, wahasibu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo, tunawaomba asubuhi chache za likizo mkae na watoto hawa.

Wengi wetu tulivuka kwa sababu kuna mtu alitukalisha chini akarudia somo mara ya tatu bila kutucheka. Deni hilo halijalipwa. Kuta tumekwisha kujenga. Sasa tuitane tena kwa msaragambo, ili kila mtoto aliye ndani yake ajue kusoma.