Je, ninunue baiskeli ya Kitaliano? Historia kidogo kabla ya kufungua pochi

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimenishika mwezi mzima, nikitoka wodini nalala kama gogo mpaka jioni. Wote wazima huko Ifakara? Huku Uingereza baridi imeanza kulegea, na mimi nimepatwa na wazimu mpya: baiskeli.

Mama kaniuliza kwenye simu, "Baiskeli gani hiyo mwanangu, bei ya trekta?" Hajakosea sana. Njiani kwenda kazini kuna duka, na dirishani wameweka baiskeli ya mbio ya Kitaliano, nyembamba kama panzi, ambayo kidole kimoja kinatosha kuinyanyua. Bei yake inapita pauni 10,000. Kwa hesabu za kwetu hizo ni pawatila kadhaa za kulimia mpunga, na chenji inabaki.

Kishawishi kikubwa ni kwamba huku kuna utaratibu, ulioanza 1999, ambapo mwajiri anakukatia bei ya baiskeli kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Tangu 2019 imekuwa rahisi zaidi kwa mwajiri kupitisha kiwango cha pauni 1,000 kilichokuwa kikiwabana watu. Yaani mtu unaweza kujiingiza kwenye deni bila hata kutoa pochi mfukoni. Basi nikajiambia, kabla sijasaini chochote, ngoja nijue hawa Wataliano ni kina nani na kwa nini majina yao yana bei hivyo. Nimesoma wiki kadhaa. Haya niliyoyapata nawaletea, kisha mtanihukumu wenyewe.

Tuanze na Edoardo Bianchi. Huyu alilelewa katika kituo cha yatima cha Milano, akajifunza ufundi wa chuma, na mwaka 1885, akiwa na miaka 20 hivi, akafungua karakana ndogo mtaa wa Via Nirone. Kampuni yake ipo mpaka leo, na baiskeli zake zinajulikana kwa rangi yake ya bluu-kijani wanayoiita celeste. Kwa hiyo kabla ya matajiri na vioo vya dukani, alikuwepo mtoto asiye na wazazi mwenye nyundo mkononi.

Mwanzoni baiskeli zilikuwa za wenye nazo. Lakini kufikia miaka ya 1930 na 1940, huko Italia baiskeli ilikuwa kama ilivyo kwetu: mguu wa mtu maskini. Mwokaji alisambazia mikate, kibarua alifikia kiwandani. Kama mnataka kuelewa hilo vizuri, tafuteni filamu ya Vittorio De Sica ya 1948, Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli. Baba mmoja wa Roma anapata kazi ya kubandika mabango baada ya kukaa sana bila kazi, lakini sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili ikombolewe. Siku ya kwanza tu ya kazi, baiskeli inaibiwa, na baba anazunguka mji mzima na mwanawe mdogo kuitafuta.

Niliitazama peke yangu saa nane mchana baada ya zamu na nililia. Nilikuwa namwona Baba na Phoenix yake, gunia la mpunga kwenye karia, mpira wa tyubu umelikaza, mimi nimekaa mbele kwenye bomba la fremu miguu inaning'inia. Ile Phoenix ingeibwa siku zile, sidhani kama ada ya shule ingelipwa.

Sasa njooni kwa Fausto Coppi, maana bila yeye huwezi kuelewa kwa nini watu wanalipa pesa zote hizi. Alizaliwa 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini mwa Italia, nyumba ya wakulima. Akiwa mvulana alienda mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwa muuza nyama, akawa anapeleka vifurushi kwa wateja kwa baiskeli, anapanda na kushuka vilima. Nguvu zake zikaonekana. Baiskeli ya mbio familia isingeiweza, lakini ndugu wa baba yake alikuwa nahodha wa meli. Huyo nahodha ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya pesa, baba mtu akajazia kidogo alichokuwa nacho.

Mnanielewa hapo? Bingwa mkubwa wa Italia alianzia kwenye pesa za ndugu aliyekuwa akifanya kazi mbali na nyumbani. Hiyo sentensi niliisoma mara tatu.

Coppi alishinda mashindano ya kuzunguka Italia, Giro d'Italia, mara tano, ya kwanza 1940 na ya mwisho 1953, na Tour de France mara mbili, 1949 na 1952. Ushindi wake mwingi alikuwa juu ya Bianchi ya celeste. Vita ilikuwa imeiacha Italia hoi, na watu walisimama barabarani kumwona mtoto wa mkulima akipanda milima peke yake, wenzake hawaonekani nyuma. Hapo ndipo baiskeli ya mbio ya Kitaliano ilipopata heshima yake. Anayenunua leo ananunua na kumbukumbu hiyo, hata kama hajui.

Kifo chake ndicho kilichonishika zaidi, kwa sababu ya kazi yangu. Desemba 1959 Coppi na waendesha baiskeli wenzake wa Ulaya walialikwa Ouagadougou, nchi iliyokuwa ikiitwa Upper Volta, leo Burkina Faso. Walishindana, wakawinda, wakang'atwa na mbu. Alikuwa chumba kimoja na Mfaransa Raphaël Géminiani. Waliporudi makwao, wote wawili wakashikwa na homa kali. Ufaransa, Géminiani alipimwa, wakaona ni malaria, akapewa kwinini akapona. Aliishi mpaka 2024, akafariki na miaka 99. Italia, madaktari walidhani Coppi ana mafua na ugonjwa wa mapafu, wakamtibu hivyo. Alifariki tarehe 2 Januari 1960, umri miaka 40.

Fikirieni. Wakati huo huo, kwetu Ifakara, Waswisi walikuwa tayari wameweka maabara tangu miaka ya 1950 wakichunguza magonjwa ya huku kwetu. Bingwa wa Ulaya alikufa kwa ugonjwa ambao bibi yangu angeutaja kabla mgonjwa hajamaliza kujieleza. Tone moja la damu chini ya darubini lingetosha. Tangu nisome kisa hiki, kila mgonjwa mwenye homa anayeingia wodini kwangu namuuliza tena, hata kama limeshaulizwa: umesafiri wapi karibuni? Na nyie mnaokuja kututembelea huku, mkishikwa na homa msione haya, semeni kwa sauti kwamba mmetoka kwenye malaria.

Turudi kwenye baiskeli. Yuko mwingine anaitwa Giovanni Pinarello, wa Treviso. Familia yao ilikuwa na watoto kumi na wawili. Siku hizo kwenye Giro kulikuwa na jezi nyeusi ya mtu anayeshika mkia. Mwaka 1951 Pinarello ndiye aliyeivaa. Mwaka uliofuata timu yake ikamwambia asishiriki, nafasi yake apewe mwingine mwenye nguvu, na kama kifuta machozi wakampa lira 100,000. Mwingine angezinywa. Yeye akafungulia duka la baiskeli.

Miaka sitini baadaye, fremu zenye jina la yule mshika mkia zilikuwa zinabeba washindi wa Tour de France. Na mmoja wao mnamjua, Chris Froome. Alizaliwa Nairobi 1985, akajifunzia mbio kwa Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, akaiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia bendera ya Uingereza mwaka 2008. Alishinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, zote juu ya Pinarello. Kwa hiyo jamani, historia hii ina vumbi la Afrika Mashariki pia.

Wapo na mafundi wengine. Tullio Campagnolo alianzisha kampuni yake Vicenza mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba vidole vilimganda kwenye baridi ya mlimani akishindwa kufungua nati za gurudumu, akabuni wenzo wa kufungulia gurudumu bila spana. Wenzo huo uliingia kwenye baiskeli za dunia nzima. Ernesto Colnago naye alianza kibarua kiwandani akiwa mvulana, akafungua karakana yake Cambiago miaka ya 1950, na mwaka 1972 akamtengenezea Eddy Merckx baiskeli iliyokimbia kilomita 49.431 kwa saa moja huko Mexico City.

Sasa swali langu lenyewe: pauni elfu kumi zangu zingekwenda kwa nani? Bianchi iko mikononi mwa kundi la Kiswidi tangu 1997. Pinarello iliuzwa 2016 kwa kampuni ya uwekezaji, na 2023 ikanunuliwa na tajiri mzaliwa wa Afrika Kusini. Colnago tangu 2020 hisa nyingi ni za wawekezaji wa Abu Dhabi. Fremu nyingi za kaboni zenye majina haya hutengenezwa Asia, ingawa zipo zinazojengwa Italia mpaka leo. Sisemi ni mbaya. Fundi wa Taiwan naye ana mikono, na Tadej Pogačar ameshinda Tour de France juu ya Colnago bila kulalamika. Ila yatima wa Milano na mshika mkia wa Treviso hawamo kwenye bei. Iliyomo ni sifa yao.

Na kuhusu wepesi: tangu 2000 sheria ya mashindano inakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Hao ni mabingwa. Mimi naendesha kwenda hospitali na begi lenye sare na wali wa jana. Nikitaka kupunguza kilo mbili, najua za kuanzia, na hazipo kwenye fremu. (Dada, usicheke.)

Basi nimeamua. Ile ya dirishani sinunui. Sijifanyi mtakatifu, naitamani mpaka leo na nikipita pale napunguza mwendo. Lakini nimepata Bianchi ya chuma iliyotumika, rangi celeste, mabomba ya Columbus wa Milano, kwa pauni 380. Mzee aliyeniuzia kaitunza kama yai. Jumapili iliyopita nilitoka nayo alfajiri baada ya zamu, barabara tupu, upepo usoni, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilisahau wodi kabisa. Siombi radhi kwa hilo. Mtu anayehudumia wagonjwa usiku kucha naye anahitaji kupumua.

La pili ni la nyumbani. Mtoto wa kaka ameingia kidato cha kwanza, na nasikia anatembea karibu saa mbili kwenda shule, masika matope mpaka magotini. Nimemfikiria yule nahodha wa meli. Kaka, pesa nimeshatuma leo asubuhi. Nunua mpya, yenye karia imara na kengele. Usimwachie muuza duka akuchagulie: nenda na Baba aikague, apige spoku kwa kidole asikilize, maana hakuna fundi ninayemwamini kuliko yeye. Na mwambieni kijana sidai ubingwa. Nadai afike shule mapema.

Mama, umeona? Trekta halijanunuliwa. Msalimieni kila mtu, na Baba akishaikagua hiyo baiskeli anipigie, nataka kusikia amesema nini.