Majina Tuliyopeana

Juzi wakati wa mapumziko watoto wawili waligombana katika uwanja wa shule, na mmoja akamwita mwenziwe mshenzi. Tuliwaita wote wawili, tukamwuliza aliyetukana maana ya neno lile. Akajibu ya kuwa maana yake haijui, ila ajua kwamba linauma. Jawabu hilo lilitufanya tulitafute neno lenyewe na ndugu zake katika habari za kale, na hayo tuliyoyaona ndiyo tunayowaandikia mwezi huu.

Wengi hudhani ya kuwa tangu hapo kale watu wa pwani hii waligawanyika kwa rangi ya ngozi, weusi huku na weupe huku. Sivyo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, alishuka Mombasa, kisha akaenda Kilwa. Aliandika kwamba wengi wa watu wa Kilwa walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Papo hapo akawasifu kwa dini yao na wema wao, akamsifu na sultani wao, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake. Kisha asema ya kwamba sultani huyo alikuwa akienda kupigana mara kwa mara katika nchi ya Wazanji na kuteka nyara. Msomaji na atazame vema: wenye mji ni Wazanji, na wanaotekwa nao ni Wazanji. Rangi ni moja na jina ni moja. Kilichowatenga ni dini, na nani ni mtu wa mji na nani si mtu wa mji.

Hatusemi kwamba ng'ambo hawakuidharau rangi. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya tisa, aliandika kitabu cha fahari ya watu weusi juu ya weupe, na mtu haandiki utetezi pasipo mashtaka. Tangu mwaka 869 hata 883, katika nchi hiyo hiyo ya Basra, watumwa walioitwa Wazanji waliwaondokea mabwana zao wakapigana na dola.

Lakini katika Kiswahili chenyewe maneno ya rangi yalikuwa maneno ya nyumbani, na hata leo ni hivyo. Mama husema mwanangu huyu mweupe, huyu maji ya kunde, yule mweusi ti, nao wote wametoka tumbo moja. Anawatambulisha tu, kama asemavyo yule mrefu na yule mwenye mwanya. (Walakini tusijisifu mno, bibi arusi mweupe husifiwa kuliko mwenziwe, na wauza mkorogo wanaijua sana habari hiyo.) Hata jina la Mzungu halina rangi ndani yake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo pia neno mzungu, wingi wake mizungu, yaani jambo la ajabu au la ustadi. Ikiwa maneno hayo mawili ni ndugu, basi wazee wetu walitazama matendo ya mgeni kabla ya kuitazama ngozi yake.

Uzito wote ulikuwa katika uungwana. Mwungwana ni mtu huru, mwenye ukoo unaojulikana, ajuaye kusema na watu na kukaa barazani. Chini yake alikuwako mtumwa, na nje ya mji mshenzi, mtu wa bara asiye na dini ya mji. Wako wataalamu wanaodhani ya kuwa neno mshenzi limetokana na Zanji. Ikiwa ni hivyo, basi watu wa pwani walilipokea jina walilopewa na wageni, wakalivua, wakamvika jirani yao wa bara. Wala tusiulilie uungwana kana kwamba ulikuwa kitu kizuri kilichopotea. Mwungwana alilala kivulini kwa sababu mtumwa alikuwa shambani.

Seyyid Said alipohamia Unguja, katika miaka baina ya 1832 na 1840, neno jingine lilizidi kupata nguvu, ndilo ustaarabu. Asili yake ni kitendo cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu. Uungwana ulipimwa kwa mizani ya mji wenyewe, bali ustaarabu ulipimwa kwa kumfanana mtawala. Leo twamwita mstaarabu mtu yeyote mwenye adabu, hata Mjapani, wala hatukumbuki neno lilikotoka.

Na sisi watu wa misheni je? Hapa imetupasa kusema kweli, ingawa ni chungu. Wamisionari walipotafuta neno la kumwita mtu asiyeijua Injili, walilikuta neno mshenzi limelala njiani, wakaliokota. Walimu Waafrika nao wakalishika, wakaandika katika magazeti ya misheni habari za washenzi wa vijiji vyao, na washenzi hao walikuwa baba zao na mama zao. Tena wengi wa wanafunzi wa kwanza wa shule ya Kiungani, Unguja, walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Katika mitaa ya mji walikuwa wameitwa watumwa na washenzi. Wakafundishwa kusoma, wakavaa kanzu nyeupe, wakapelekwa bara kuhubiri, na jina walilotukanwa nalo wakaenda nalo mfukoni. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tumelisikia mimbarani tulipokuwa watoto, tukaitikia Amina.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pa Mkunazini likajengwa Kanisa Kuu. Mwaka 1897 serikali ya Unguja iliacha kuutambua utumwa katika sheria. Tanganyika ikafuata mwaka 1922. Basi waliopata uhuru hawakutaka tena kuitwa watumwa, wakajiita Waswahili. Hapo wenye ukoo walianza kulikimbia jina hilo lisije likawatia doa, wakatafuta lingine. Mmoja akasema yu Mshirazi, mwingine yu Mtumbatu, mwingine yu Mwarabu. Na huko nyuma mtu alipokuwa akibadili jina alilibadili barazani, mbele ya majirani waliomjua babu yake; wangeweza kucheka, naye angeweza kurudi nyuma. Sasa alikuja karani na daftari.

Twataka kukaa kidogo juu ya daftari hilo. Katika hesabu ya watu ya Unguja na Pemba ya mwaka 1924 walioandikwa Waarabu walikuwa kama 19,000. Katika hesabu ya mwaka 1931 walikuwa zaidi ya 33,000. Ni kweli wageni walikuwa wakiendelea kuja kutoka Omani na Hadhramaut, lakini hao peke yao hawatoshi kuijaza tofauti hiyo. Na Waswahili, waliokuwa maelfu mengi katika hesabu ya kwanza, katika ya pili walikuwa wachache mno. Hawakufa kwa tauni. Walivuka mstari wa karani. Tena mstari ule ulikuwa na bei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula cha mgao kiligawanywa kwa mataifa, na aliyeandikwa Mwarabu alikuwa na haki ya mchele ambayo Mwafrika hakuwa nayo. Je, baba mwenye njaa ataulizwa kwa nini amekumbuka babu wa Omani?

Kenya mambo yalikuwa yale yale kwa sura nyingine. Wasomali wa Isaaq, tangu mwaka 1936, waligombana na serikali wakitaka watozwe kodi ya Waasia, nayo ilikuwa kubwa kuliko yao. Watu waliomba kulipa zaidi! Msomaji asiwacheke. Aliyehesabiwa pamoja na Waafrika alifungwa na sheria zao, na kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kushikwa baada ya vita ile ya kwanza, Mwafrika mwanamume tangu miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, nacho hutiwa katika kibweta cha bati akakivaa shingoni. Neno la Kiingereza katika sheria hizo, kwa Kiswahili, lingekuwa mwenyeji. Kwetu mwenyeji ni mtu wa heshima, ndiye ampokeaye mgeni na kumpa maji. Katika sheria mwenyeji ndiye aliyekuwa akiulizwa hati na mgeni. Na nyumbani kwa bwana, mtu mwenye wajukuu aliitwa boi.

Kwa hiyo jina la Mwafrika, ambalo wengine walilikimbia, wengine walilishika kwa makusudi. Chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na cha Unguja cha mwaka 1934, vyote viwili vilijiita vya Waafrika, wala si vya kabila fulani. Jina lililowekwa na wengine kuwa kapu la mabaki likafanywa nyumba.

Lakini nyumba nayo ina mlango, na mlango hufungwa. Januari 1964 huko Unguja maelfu ya watu waliuawa, wengi wao kwa sababu walihesabiwa kuwa Waarabu. Twaona shida kuandika zaidi ya hayo, maana watoto wao na wajukuu wao wangali hai, na wajukuu wa waliowaua pia. Bara, Tanganyika, katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ili rangi zote zipate viti. Mwaka 1961, sheria ya uraia ilipojadiliwa, wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwakatalia kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kuipitisha sheria ya namna hiyo. Ikapita pasipo rangi.

Wale watoto wawili tuliwaambia sehemu ya habari hizi, kadiri ya umri wao. Aliyetukanwa akauliza kama babu yake aliandikwa nani katika daftari la karani. Hatukuweza kumjibu. Wasomaji wa Unguja, Pemba na Mombasa wenye vyeti vya zamani vya wazee wao, au wanaokumbuka jinsi wazee hao walivyoulizwa taifa lao na walivyojibu, twawaomba watuletee habari kwa barua. Tutaziandika katika toleo lijalo, nafasi ikipatikana.