Kuweka fremu ya mbele ya gari dogo katika pikapu kuukuu

Mkulima wa Ainabkoi, katika Kaunti ya Uasin Gishu, anayepakia magunia 20 ya viazi, kila moja la kilo 50, huwa amebeba tani nzima. Mzigo huo ukiteremshwa mlimani kwa Land Rover iliyoundwa miaka ya 1970, uhai wa dereva hutegemea usukani na breki. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki wa pikapu kuukuu huvutiwa na wazo la kukata sehemu yake ya mbele na kuunga ile ya gari dogo. Kazi hiyo yawezekana, ila si kila gari hufaa.

Fremu ndogo ya mbele ni kiunzi cha chuma kinachofungwa kwa bolti chini ya gari. Kiunzi hicho hubeba injini, mikono ya magurudumu na mtambo wa usukani.

Pikapu nyingi za kale zina ekseli moja nzima iliyokalia springi za vyuma bapa. Gurudumu moja likitumbukia shimoni, la pili nalo huyumba. Katika fremu ya gari dogo, kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, na aghalabu breki huwa za diski, ambazo hazipotezi nguvu haraka zinapopata joto kwenye mteremko mrefu.

Nchini Marekani, mafundi wamezoea kuunga fremu ya Chevrolet Camaro, gari lililoanza kuuzwa kama toleo la 1967, kwenye pikapu za Chevrolet za miaka ya 1950. Uingereza, fremu ya Jaguar XJ6, iliyozinduliwa 1968, ndiyo hupendwa na wengi.

Fundi wa Kenya hana budi kuzingatia mambo matatu kabla ya kununua fremu. Kwanza, usukani wetu uko kulia, ilhali fremu za Marekani zimetengenezewa usukani wa kushoto. Pili, magari mengi madogo yanayoagizwa kutoka Japani huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake hulala kimkingamo. Fremu ya namna hiyo haiafiki pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Tatu, ni muhimu kujua kichwa cha springi hushikwa wapi. Katika magari mengi, springi na shokabsoba ni nguzo moja ambayo kichwa chake hufungwa kwenye bodi. Fremu ikitolewa pekee, nguzo hukosa mahali pa kushikwa juu. Fremu iliyo bora kwa kazi hii ni yenye mikono miwili kila upande, na springi inayokaa ndani ya fremu yenyewe, kama ya Jaguar.

Mwenye Land Rover ana la ziada la kupima. Akiondoa ekseli ya mbele, atapoteza nguvu ya magurudumu manne, jambo ambalo atalijutia masika yatakapogeuza barabara za mashambani kuwa matope. Naye mwenye Peugeot 504 hahitaji kukata chochote, kwa kuwa pikapu hiyo, iliyozinduliwa 1979, tayari ina springi huru mbele. Bushi, viungo na shokabsoba mpya zitamtosha.

Anayeamua kuendelea hupaswa kwanza kuliweka gari mahali tambarare, kulitegemeza kwa vyuma na kupima umbali kati ya vituo vya magurudumu pande zote mbili. Chesisi hufungwa vyuma vya muda ili isipinde inapokatwa. Kiungo hakikatwi wima, bali kwa mshazari, kisha huimarishwa kwa mabamba ya chuma yanayopita pande zote mbili. Uchomeleaji wa kiungo hiki si wa mwanafunzi, kwani breki zikikanyagwa, uzito wa gari hurukia mbele na kukikaba.

Baadaye hufuata kuunganisha mhimili wa usukani, mifereji ya breki, na kulinganisha magurudumu kwa mashine.

Sheria nayo ina lake. Katika Land Rover za Series II na III, nambari ya chesisi imepigwa mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Anayekata bila kuangalia aweza kutupa utambulisho wa gari lake pamoja na chuma chakavu, na gari lisilo na nambari hushukiwa kuwa la wizi. Ni busara kupata ushauri wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), iliyobuniwa 2012, kabla ya msumeno kugusa chuma, na kulipeleka gari likaguliwe kabla ya kulipakia gunia la kwanza.

Kwa pikapu ya maonyesho, gharama hiyo ina faida yake. Kwa ile inayobeba viazi kila wiki, mara nyingi kukarabati ekseli ya asili na kuongeza nguvu ya breki ndiyo njia fupi na salama zaidi.