Kushusha gari ya spoti bila kuvunja mgongo: amortiseri gani, resori gani?

Gari nyingi za okazioni zinazoingia upande wetu zimetoka Japani. Zinapitia Dar es Salaam, Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Kati yake kuna gari ndogo za spoti, kama Toyota Celica ao Subaru Impreza, na vijana wanapenda kuzishusha zikae chini. Gari ya namna hii inapendeza macho. Lakini hapa Kamina, ukitoka tu kwenye lami, unakutana na mchanga, mashimo na mifereji ya mvua. Na gari hiyo hiyo njo itabeba mama mgonjwa usiku kwenda hospitali. Kwa hiyo mbele ya kutoa makuta, tuelewe kwanza kazi ya kila kitu.

Resori na amortiseri si kitu kimoja

Resori inabeba uzito wa gari na kuamua urefu wake toka chini. Amortiseri, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaita shokapu, inazuia resori isiendelee kuruka-ruka. Resori ya kushusha ni fupi, na kawaida ni ngumu zaidi, sababu nafasi ya kushuka imepungua. Mukiiweka pamoja na amortiseri ya zamani iliyochoka, gari itadunda na kugonga vizuizi vya mpira vya ndani. Watu wengi wanalaumu resori, kumbe amortiseri njo imekufa.

Kuipima ni rahisi. Sukumeni kona moja ya gari chini, halafu muache. Ikipanda na kutulia, bado iko na nguvu. Ikicheza mara mbili ao tatu, ao mukiona mafuta yanatiririka juu ya amortiseri, mubadilishe. Na mubadilishe mbili mbili, za mbele pamoja ao za nyuma pamoja.

Njia tatu za kuchagua

Ya kwanza ni resori fupi kidogo, zenye kushusha sentimita 2 mpaka 3, pamoja na amortiseri zilizotengenezwa kwa resori hizo. Eibach ya Ujerumani inauza resori za namna hiyo. Bilstein, pia ya Ujerumani, iko na B8, amortiseri iliyofupishwa kwa gari iliyoshushwa, wakati B6 ni ya gari yenye urefu wa kawaida. Kwa mtu anayetaka raha, hii njia njo ya usalama zaidi.

Ya pili ni amortiseri na resori za kurekebisha urefu, kama zile za Tein ya Japani. Uzuri wake ni kwamba fundi anaweza kupandisha gari tena wakati wa mvua. Chagueni zenye kurekebisha pia ugumu, na muanze na upande laini. Lakini mchanga na matope vinaziba nyuzi za kurekebishia: zioshwe na kupakwa mafuta mara kwa mara.

Ya tatu ni kukata resori na meule. Musifanye. Resori iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gurudumu likining'inia, na hapo dereva anaweza kupoteza usukani.

Mipira nayo inaleta raha

Mpira wa 205/45 R17 uko na ukuta wa milimita 92 hivi. Wa 195/60 R15 uko na milimita 117, na urefu wa gurudumu zima unabaki karibu ule ule. Ukuta mrefu unameza mashimo kuliko amortiseri ya bei kali. Mupime kwanza kama janti ya 15 inaenea juu ya frein zenu.

Kisha kazi kuisha

Fundi akaze bulo za silenbloki gari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, si juu ya kriki, la sivyo mipira yake itapasuka mapema. Kisha mufanye paralelisme, sababu gari ikishuka magurudumu yanabadilisha mwelekeo na mipira inakulwa upande mmoja. Mutazame pia mwanga wa taa.

Tujifunze kwa wenye mbio

Katika Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, Colin McRae alishinda na Subaru Impreza. Gari ile haikushushwa. Iliinuliwa na kupewa amortiseri ndefu, sababu barabara zilikuwa za mawe na matope. Wenye kushindana wanafuata barabara, si mtindo.

Basi, kwa gari ya kuishi Kamina, sentimita 2 zinatosha. Kama munasafiri mara nyingi kuelekea Kaniama ao Bukama, acheni urefu wa kiwanda na muweke makuta yenu kwenye amortiseri mpya na mipira mizuri. Karteri ikipasuka mbali na mji, oili yote inamwagika, na motere inakufa pale pale.