Fahamu Jinsi Moyo Wenye Afya Unavyoratibu Umeme Wake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Moyo wa mtu mzima mwenye afya hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika akiwa amepumzika, sawa na takribani mapigo 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaozalishwa na moyo wenyewe, kisha seli hutulia na kujiandaa kwa pigo lijalo. Usalama wa moyo hutegemea mpangilio wa hatua zote mbili.

Umeme unavyosafiri

Umeme huanzia katika kundi dogo la seli lililopo sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia. Baada ya kuenea katika vyumba vyote viwili vya juu, hufika kwenye kituo kilichopo kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambako hucheleweshwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo huviwezesha vyumba vya juu kumaliza kuingiza damu katika vyumba vya chini. Ndipo umeme hupita kwa kasi katika nyuzi maalumu na kusisimua kuta za vyumba vya chini, kutoka ndani kuelekea nje.

Seli zinavyotulia

Seli iliyokwisha kusisimka haipokei msisimko mwingine mara moja. Kwa sababu hiyo, umeme haurudi ulikotoka, na moyo hupata nafasi ya kujaa damu upya. Seli za upande wa nje wa ukuta, ingawa husisimka mwisho, kwa kawaida hutulia kwanza, kwa kuwa msisimko wake ni mfupi zaidi. Mtu anapokimbia, hatua ya kutulia nayo hufupika ili kwenda sambamba na mapigo.

Hatua hizi huonekana katika kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kilichompatia Willem Einthoven wa Uholanzi Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Mpangilio unapovurugika

Upungufu wa madini ya potasiamu kutokana na kuhara au kutapika sana, pamoja na baadhi ya dawa, ikiwamo kwinini inayotibu malaria, huweza kuchelewesha seli kutulia. Hali hiyo ikizidi, mapigo huvurugika, na mgonjwa anaweza kuzimia au kupoteza maisha.

Wananchi wanashauriwa kutumia dawa kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya na kumweleza dawa nyingine wanazotumia. Anayezimia ghafla, hususan akiwa katika mazoezi, au mwenye historia ya vifo vya ghafla katika familia, anapaswa kufika hospitalini kwa uchunguzi. Kwa wakazi wa Dodoma na mikoa jirani, huduma za kibingwa za moyo hutolewa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, jijini Dodoma.